Mtunza Mbegu na Haki Yake

Kila kitu kina mzani wake. Dhahabu hupimwa kwa mzani mdogo wa sonara, nafaka hupimwa kwa kibaba, kuni hupimwa kwa mzigo wa mgongoni, na urafiki hupimwa siku ya dhiki. Mtu akipima dhahabu kwa mzani wa kuni huidhulumu dhahabu, na akipima kuni kwa mzani wa dhahabu huwa kichekesho sokoni. Basi kabla ya kuuliza jambo lina uzito gani, yatupasa kuuliza kwanza lapimwa kwa mzani gani. Maana dhuluma nyingi za dunia hazitoki katika uwongo wa mpimaji, bali hutoka katika mzani aliouchagua.

Insha hii yahusu kitu kimoja kigumu kupimwa, nacho ni faida ya kutunza aina nyingi za mazao zisipotee, na hasa faida hiyo kwa riziki ya watu wanaozitunza. Sikulichagua jambo hili mwenyewe. Niliulizwa, na sikujibu vizuri.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu. Nilikuwa nimewaeleza wanafunzi, kwa maneno mazuri niliyoyapata chuoni, kwamba wakulima wanaohifadhi mbegu za asili ni walinzi wa hazina ya taifa. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. Alitoka upande wa Ukambani, katika nchi kavu ambako mvua huja kama mgeni asiyetoa ahadi. Akasema:

"Mwalimu, nyanya yangu ana vibuyu saba vya mbegu. Ana mtama mwekundu na mtama mweupe, ana mawele, ana kunde za aina tatu, na mbaazi. Huzichanganya na majivu, akavitundika vibuyu juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Wageni walikuja na karatasi, wakaandika majina, wakachukua konzi moja ya kila kibuyu, wakampiga picha, wakamwambia asiziache mbegu hizo. Hakuziacha. Jirani yake alipanda shamba zima ndengu za aina moja, za kuuza, na leo ana nyumba ya mabati na mtoto wake yuko chuoni. Nyanya yangu bado ana vibuyu saba. Je, ni nani aliyefaidika?"

"Taifa zima limefaidika," nikamjibu.

"Taifa hukaa wapi, mwalimu, ili nyanya yangu aende akadai chake?"

Darasa likacheka. Na mimi nilicheka, maana kengele ilikuwa karibu kulia, na kicheko ni mlango mzuri wa kutokea kwa mtu asiye na jibu. Lakini usiku ule swali lilirudi, na limerudi mara nyingi tangu siku ile. Nalijibu hapa kadiri ya uwezo wangu.

Ni vizuri tuanze kwa kuelewa kazi yenyewe. Mipango ya kuhifadhi aina za mazao huenda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ghala. Mbegu hukusanywa mashambani, hukaushwa, hutiwa katika pakiti zisizopitisha hewa, kisha huwekwa katika baridi kali ya kugandisha ili zikae miaka mingi bila kufa. Kenya ina benki ya mbegu ya namna hiyo huko Muguga, karibu na Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1988, nayo imehifadhi sampuli karibu 50,000. Njia ya pili ni ya shamba. Mkulima hushawishiwa aendelee kupanda mbegu zake za asili, ili zizidi kuzoea udongo, wadudu na mvua za mahali pale mwaka hata mwaka. Mbegu ya ghalani imelala. Mbegu ya shambani iko macho. Iliyolala haipotei upesi, lakini haijifunzi lolote. Iliyo macho hujifunza, lakini yaweza kupotea kwa ukame mmoja, au kwa kifo cha bibi kizee mmoja. Kwa sababu hiyo kila njia yahitaji mwenzake.

Walakini kuna tofauti moja kati ya njia hizi ambayo vitabu huipita haraka. Ghala hulipiwa na serikali na mashirika: walinzi wake wana mishahara, na umeme wake una bajeti. Shamba hulipiwa na nani? Hulipiwa na mwenye shamba. Kila mstari anaoupanda mtama wa asili ni mstari ambao hakupanda zao la kuuza. Hapo ndipo swali la msichana yule lilipoota mizizi.

Wako watu wasemao kwamba kazi ya namna hii haina budi kupimwa kwa mfuko wa mkulima, basi. Husema: tuonyesheni kaya iliyokuwa maskini, ikatunza mbegu za asili, ikapata ada ya shule na paa jipya, msipoweza, fungeni vitabu vyenu na mwende zenu. Maneno haya ni makali lakini si ya kudharauliwa. Fedha nyingi hutumika duniani kwa jina la maskini bila kumfikia maskini. Mwenye njaa hashibi kwa sifa. Aidha, mtu anayekataa kazi yake isipimwe kwa hesabu yoyote huwa amejipa ruhusa ya kushindwa bila kuonekana. Kwa hiyo mzani wa mfuko una haki ya kuwapo mezani, na mpango wowote unaoukimbia una jambo unaloficha.

Na mara nyingine mzani huo hutoa habari njema. Chukua mfano wa mboga zetu za kienyeji: mnavu ambao wengi huuita managu, mgagani ambao Wajaluo huuita dek, kunde, mchicha, mrenda na mitoo. Zilikuwapo kabla ya kabeji na sukuma wiki, lakini kadiri miaka ilivyopita zilipata jina baya. Ziliitwa mboga za maskini. Kijana aliyerudi kutoka mjini aliona haya kuzila mbele ya wageni, na mama aliyezichuma alizichuma magugu shambani, si mazao. Katikati ya miaka ya 1990 ulianzishwa mpango wa kuziokoa, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, watafiti wa humu nchini, na shirika la kimataifa la kuhifadhi mimea lenye makao yake Roma. Mbegu zilikusanywa, zikachaguliwa zilizo bora, ubora wa chakula chake ukapimwa, mapishi yakaandikwa, na wakulima wakaonyeshwa njia ya kwenda katika maduka makubwa ya Nairobi. Leo mboga zilizofichwa chini ya meza huliwa katika hoteli, na mkulima wa mnavu haoni haya tena kutaja zao lake.

Waliochunguza matokeo baadaye walikuta kwamba kaya zilizouza mboga hizo zilikuwa na hali nzuri kidogo kuliko zile ambazo hazikuuza, na kwamba wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi, shambani na sokoni. Mtu angependa kusimama hapa na kupiga makofi. Lakini kazi ya fikira huanza pale makofi yanapokwisha. Natuyatazame matokeo hayo kwa makini, maana yamebeba maswali matatu.

Swali la kwanza ni la sababu. Tukiona kwamba mwenye kuuza mboga ana hali nzuri, je, ni mboga zilizomtajirisha, au ni mwenye nafasi aliyeweza kuuza mboga? Mtu aliye karibu na barabara, mwenye kisima na mwenye akiba ya kununulia mbolea, ni mwepesi wa kuingia katika biashara mpya. Jogoo huwika na jua huchomoza, lakini jua halichomozi kwa sababu ya jogoo. Mpimaji mwaminifu haridhiki kuona mambo mawili yakitembea pamoja barabarani. Huuliza ni lipi linalomwongoza mwenziwe, au kama yote mawili yanaongozwa na la tatu.

Swali la pili ni la nyumbani. Tusemapo kaya imepata, ni nani ndani ya kaya aliyepata? Kaya si mtu mmoja. Ina baba, ina mama, ina watoto, ina mzee asiyeweza tena kushika jembe. Mboga zilipokuwa za chungu cha nyumbani, fedha kidogo zilizotoka humo zilikuwa za mama, naye alizigeuza kuwa chumvi, sabuni na kalamu. Zao linapokuwa na bei nzuri, macho mengi huligeukia, na mikono mingine huja kulipokea lori. Yawezekana pato la kaya likapanda huku pato la mama likashuka, na mpimaji aliyesimama mlangoni asilione hilo.

Swali la tatu ni la kushangaza kuliko yote mawili. Soko lapenda mboga, lakini halizipendi zote. Lapenda mnavu wenye jani pana, unaokua upesi, usio mchungu sana, na usionyauka garini. Mkulima mwenye akili atapanda huo, ataacha mwingine. Miaka kumi baadaye aweza kuwa na fedha zaidi na aina chache zaidi. Basi mpango uliokuja kuokoa aina nyingi kwa kuzipa bei waweza kufaulu katika bei na kushindwa katika aina. Soko hulea kilicho kipenzi chake, na kwa malezi hayo hayo huwafukarisha ndugu zake. Sisemi kwamba soko ni adui. Pasipo soko mboga hizi zingeendelea kuitwa magugu. Nasema kwamba mzani wa mfuko, ukiachwa peke yake, hauwezi kutuambia kwamba tunapoteza kitu, maana kinachopotea hakikuwa na bei.

Tuutafute basi mzani mwingine, na ili tuuone vizuri itatubidi tusafiri mbali, kisha turudi katika sahani ya chakula chetu wenyewe.

Mkenya asipokula ugali husema hajala. Twayaona mahindi kuwa ni ya kwetu tangu zama za mababu, na hali asili yake ni Mexico, nayo yalivuka bahari kuja Afrika baada ya Wazungu kufika katika bara lile la Amerika. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mahindi chotara yaliyoitwa H611. Mzazi mmoja wa mahindi hayo alikuwa mbegu iliyotengenezwa pale pale Kitale. Mzazi wa pili aliitwa Ecuador 573, nayo ilikuwa mbegu iliyotoka katika nyanda za juu za nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Wazazi hawa wawili waliokuwa mbali kwa nchi na kwa tabia walipokutanishwa, mtoto wao alizaa kuliko wote wawili. Kutoka katika ukoo huo yalitoka mahindi chotara mengi ya nyanda zetu za juu, yaliyojaza maghala ya Trans Nzoia na kwingineko.

Hebu tafakari. Juu ya milima ile palikuwa na wakulima waliopanda mahindi yale kizazi baada ya kizazi. Majina yao hatuyajui. Hawakuijua Kitale, wala hawakujua kwamba duniani kuna watoto watakaokula uji kwa sababu ya masuke waliyoyachagua wao jioni za mavuno. Lau kama mpimaji angewatembelea katika miaka ile na daftari lake, akauliza, "Mbegu hii imeongeza pato lenu kwa kiasi gani?" huenda angeandika sifuri, akafunga daftari, akaenda zake. Na sifuri ile ingekuwa kweli kwa mzani wake. Lakini sifuri ile ilikuwa mimba ya ugali wetu.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mnamo mwezi wa Septemba mwaka 2011 wakulima wa Bomet waliona mahindi yao yakipata mabaka ya manjano, majani yakikauka kutoka kingoni kuelekea katikati, na magunzi yakabaki bila punje. Yalikuwa maradhi mageni yaliyotokana na virusi viwili kukutana katika mmea mmoja. Yalienea upesi, kwa kuwa mbegu nyingi zilizokuwa zikiuzwa hazikuwa na kinga. Watafiti hawakupata dawa ya kunyunyiza ya kuyaponya. Mwaka 2013 kulifunguliwa kituo huko Naivasha cha kujaribu maelfu ya mistari ya mahindi, ili kuonekana ni ipi iwezayo kustahimili. Ustahimilivu haukutengenezwa kwa nyundo. Ulitafutwa katika utajiri wa mbegu zilizokuwa zimekusanywa na kutunzwa na watu wa mahali mbalimbali. Palipo na aina nyingi pana pa kutafuta. Palipo na aina moja, maradhi yakibisha hodi hakuna mlango wa nyuma. Ireland ilijifunza hayo kwa machozi, pale maradhi ya viazi yalipoingia mwaka 1845 katika nchi ambayo maskini wake walitegemea zaidi aina moja ya kiazi. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi wakahama.

Wahenga walisema akiba haiozi. Faida ya akiba haionekani siku ya kuiweka, na siku nyingine haionekani kabisa. Mtu aliyejenga nyumba yenye msingi imara hawezi kuonyesha tetemeko ambalo halikuja. Huo ndio mzani wa pili: si mzani wa kilichoongezeka tu, bali ni mzani wa kilichookolewa.

Hapa wapenzi wa hifadhi hushangilia. Husema: "Mmeona? Mbegu hazina bei. Basi msituulize habari za mfuko." Lakini mimi nawaomba wasishangilie mapema, kwa maana jambo lisilo na bei huchukuliwa bure. Nyanya wa mwanafunzi wangu aliambiwa kwamba mbegu zake hazina bei, na kweli hakulipwa kitu.

Kuna kisa kitakachotusaidia kuona kosa lilipo. Katika mji wa Leningrad, ambao leo waitwa St. Petersburg, palikuwa na taasisi ya mimea iliyojengwa na kazi ya Nikolai Vavilov, mtaalamu aliyesafiri nchi nyingi akikusanya mbegu. Yeye mwenyewe alikamatwa na serikali ya Stalin, akafa gerezani mwaka 1943. Majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji ule tangu Septemba 1941 hata Januari 1944, watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Ndani ya taasisi ile walikuwamo wafanyakazi waliokaa kati ya magunia ya mchele, ngano, njugu na viazi, wakayalinda, wasiyale. Baadhi yao walikufa kwa njaa mahali pa kazi. Mmoja wao, Dmitri Ivanov, alikuwa mtunzaji wa mkusanyo wa mpunga.

Nilipowasimulia wanafunzi kisa hiki siku nyingine, darasa liligawanyika. Wengine walisema wale ni mashujaa. Wengine walisema ni wazimu, maana mbegu yafaa nini mbele ya uhai? Nami nadhani hatuwezi kuwahukumu bila kutazama jambo moja: walichagua wenyewe. Njaa ilikuwa yao, tumbo lilikuwa lao, na uamuzi ulikuwa wao. Hiyo ndiyo heshima ya tendo lao. Lakini lau mkubwa mmoja aliyeshiba angesimama mbali, akawaamuru wasile, akaandika jina lake katika kitabu cha wahifadhi, tendo lile lile lingegeuka kuwa ukatili.

Kujitolea ni tendo la mtu juu ya nafsi yake. Hakuna awezaye kumtolea mwenzake. Naweza kutoa koti langu. Siwezi kutoa koti lako nikaitwa mkarimu. Hapo ndipo mipango mingi mizuri hukosea bila kukusudia. Mwandishi wa mpango huketi mjini, ana mshahara, ana mbegu za dukani katika bustani yake, kisha humsifu bibi kizee wa nchi kavu kwa kuendelea kupanda kile ambacho yeye mwandishi hawezi kukipanda. Sifa hiyo ni tamu, lakini ni sifa ya kumtolea mtu mwingine koti lake.

Kosa hili lina sura mbaya zaidi pale mlinzi wa mbegu anaponyimwa hata uhuru wa kuitumia hazina yake. Sheria ya mbegu ya Kenya ilirekebishwa mwaka 2012, na kwa vifungu vyake mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa aliweza kutozwa faini kubwa au kufungwa gerezani. Basi mama aliyempa jirani kibaba cha kunde za kupanda, kama mama yake alivyofanya, alisimama upande mbaya wa sheria. Mwaka 2022 wakulima kumi na watano walilipeleka jambo hili mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Nchi iliyokuwa imemwita mkulima mlinzi kwa mdomo mmoja, na mkosaji kwa mdomo wa pili, ilisikia sauti zake mbili zikipimwa mahali pamoja.

Wala jambo la deni hili si geni duniani. Mataifa yaliandika mwaka 2001 mkataba juu ya mimea ya chakula na kilimo, ulioanza kutumika mwaka 2004, na ndani yake walikiri kwamba wakulima wa nchi zote wametoa mchango mkubwa katika kutunza na kukuza mazao, na kwamba wanastahili sehemu ya faida inayotoka humo. Kukiri deni ni mwanzo mwema. Lakini mdai hajengi paa kwa hati ya deni peke yake.

Sasa naweza kuikusanya fikira yangu. Mpango wa kuhifadhi aina za mazao una pande mbili, na kila upande una mzani wake. Kwa upande wa dunia, upimwe kwa kilichookolewa: je, aina zile zingali hai, ghalani na shambani, na majina na maarifa yake yangali yajulikana? Kwa upande wa mtunzaji, upimwe kwa haki: je, amepata malipo ya mzigo aliobeba? Malipo yaweza kuwa fedha, au soko, au barabara, au chakula bora katika chungu chake, au bima siku ya ukame. Bali yawe kitu anachokiona kuwa malipo yeye, wala si kitu tunachokiona sisi. Na juu ya mizani hii miwili liwekwe swali moja la heshima: je, yuko huru kuacha? Mtu asiyeweza kuacha si mlinzi, ni mfungwa. Akipanda mtama wa asili kwa kuwa aupenda, au kwa kuwa analipwa, au kwa kuwa anajua nchi yake, ni vyema. Akiupanda kwa kuwa hana njia nyingine, tusiuite umaskini wake hifadhi.

Wala tusimlaumu jirani aliyepanda ndengu. Hakukosea. Alikuwa na mtoto wa kusomesha, na bei ilikuwa nzuri. Wahenga huonya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, nami naamini onyo hilo. Lakini mwenye kulala chini hana mbacha wala msala. Badala ya kumlaumu jirani, tuulize kwa nini uchaguzi ulifanywa mgumu hivyo: kwa nini mtu alazimike kuchagua kati ya ada ya mtoto na mbegu za dunia? Kama mbegu zile ni za wote, gharama ya kuzitunza iwe ya wote. Yule ale, na huyu alipe, si hesabu ya haki.

Najua jibu hili lina ugumu wake. Nani atapanga bei? Fedha zitapita katika mikono mingapi kabla ya kumfikia mwenye kibuyu? Je, aliyelipwa kutunza ataendelea malipo yakikoma? Maswali haya ni ya kweli, na baadhi yenu mnaosoma insha hii mtaketi siku moja katika ofisi ambamo yatatakiwa kujibiwa. Ninyi mtakuwa wale wageni wenye karatasi. Mtakapofika katika uwanja wa bibi kizee, kumbukeni kwamba yeye ndiye mwalimu mahali pale. Msichukue konzi yake bila kumwambia inakwenda wapi. Rudini mkamweleze ilifika wapi. Na mtakapoandika taarifa yenu, msiandike tu idadi ya aina zilizookolewa. Andikeni pia jinsi mtunzaji alivyolala usiku, na kama alilala akiwa ameshiba.

Na wewe msichana uliyeketi karibu na dirisha, ambaye siku hizi umekwisha kumaliza shule, kama kitabu hiki kimefika mikononi mwako, jibu lako lililochelewa ni hili. Uliniuliza ni nani aliyefaidika, nami nikakujibu, "Taifa." Jibu lile halikuwa uwongo, lakini lilikuwa nusu, na nusu iliyokosekana ilikuwa ya nyanya yako. Wale tuliofaidika ni mimi, na wanafunzi wenzako waliocheka, na watoto ambao bado hawajazaliwa, kama siku moja mtama ule utahitajiwa. Uliniuliza tena taifa hukaa wapi. Hukaa katika kila mtu anayekula kutokana na mbegu asiyoitunza. Kwa hiyo nyanya yako ana haki ya kubisha hodi kwa kila mmoja wetu, nami nilikuwa wa kwanza kutomfungulia.